Kanga Huyu na Kanga Hii

Wengi mliokosa kuja Jumamosi mmeniomba niliyoyasema pale ukumbini, basi nayaweka hapa yote kama yalivyotoka mdomoni, isipokuwa zile picha za ukutani nimeziacha maana mtayaona kwa maneno.

Shikamooni wazee wangu. Hamjambo wenzangu. Na nyie vijana mliobanana kule nyuma karibuni, sogeeni mbele viti bado vipo.

Naomba kila mmoja wenu aseme kimoyomoyo sentensi hii: kanga wangu amepotea. Haya. Sasa sema na hii: kanga yangu imepotea. Umeona nini? Wa kwanza unavaa viatu unaingia vichakani kumtafuta kabla mbweha hajamfikia, ya pili unaenda kwa jirani kuuliza kama kuna nguo imeanuliwa kimakosa kwenye kamba. Neno ni moja, herufi tano, hakuna iliyoongezwa wala kupunguzwa, lakini mtu wa Kiswahili hachanganyikiwi hata sekunde moja, kwa sababu wangu na yangu vimeshamwambia kila kitu. Ndege ni huyu, nguo ni hii. Ndege ametaga, nguo imefubaa. Sarufi yetu imewatenganisha hawa wawili kama mama anayetenganisha watoto waliovaa sare.

Swali langu la leo ni hili: hawa ni watoto wa mama mmoja, au ni watu wawili waliokutana njiani wakajikuta wana jina moja?

Nawauliza hivyo kwa sababu ya kitu nilichokiona nikiwa mdogo. Bibi yangu mzaa baba alikuwa anafuga kuku, na katikati ya wale kuku alikuwa na kanga wanne, kanga ndege. Mnawajua walivyo, wana upembe wa mfupa kichwani kama kofia, shingo haina manyoya, na mwili wote umejaa madoadoa. Likizo moja akaja mtoto wa shangazi, ana miaka sita hivi, na kule anakokaa hakuna mifugo. Jioni bibi yuko kwenye mkeka anachambua mchele, upepo ukaanza kupiga, akamwambia yule mtoto, "Hebu kalete kanga uani." Mtoto akatoka mbio.

Mara tukasikia kelele. Jamani, kanga akishtuka nyumba tatu zinajua! Wanakimbia huku wanapiga yowe, huyu kapita chini ya banda, yule karukia ukuta wa makuti, mtoto yuko nyuma yao anahangaika mikono mbele. Baadaye akarudi anatweta, jasho hadi shingoni, mkononi ana unyoya mmoja tu, akasema, "Bibi, wamekataa."

Bibi alikuwa anataka nguo ya kujifunika mabega.

Sasa angalieni, kama bibi angesema kailete kanga, mtoto angeenda kwenye kamba. Kama angesema kamlete kanga, basi kweli ilikuwa haki yake kukimbizana na ndege. Bibi alisema kalete, hakuweka i wala m, na hapo mlango ukabaki wazi. Kila mtu alicheka, lakini bibi hakumcheka, alimshika mkono, akauchukua ule unyoya, akaenda naye mpaka kwenye kamba ilipoanikwa kanga yake moja ya siku nyingi, nyeusi yenye madoa meupe, akauweka unyoya juu ya nguo. Akamwambia, "Tazama, wala hujakosea." Mimi nilikuwa nimesimama pale. Unyoya ulikuwa kama umepotea ndani ya ile nguo, ilibidi utafute kikonyo chake ndo uuone.

Miaka yote tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia hili jambo, na leo nataka niwape nilichokipata.

Kwanza tukubaliane kwamba maneno kufanana sio lazima yawe ndugu. Kiswahili kimejaa mifano. Chukua tai. Tai ndege yule mwenye kucha na tai ya shingoni, je, wana undugu? Hawana. Tai wa angani ni wetu tangu zamani, tai ya shingoni imekuja na Waingereza juzi tu ikaandikwa kwa tahajia yetu, wakakutana kwenye kamusi kama abiria wawili wasiojuana kwenye siti moja. Chukua mbuni. Kuna mbuni ndege mkubwa asiyeruka, kuna mbuni mti wa kahawa, ambao umetokana na buni, neno lenye asili ya Kiarabu, na kuna mbuni yule mtu anayebuni kitu, ambaye ni kubuni tu ukaiwekea m mbele. Watatu hao! Na hakuna anayemjua mwenzake. Mtu akikwambia mti wa kahawa umeitwa mbuni kwa sababu una shingo ndefu kama ndege, mkatalie hapohapo.

Sasa ukifungua kamusi utakuta kanga nao wamepewa namba, kanga wa kwanza, kanga wa pili, na msomaji wa haraka atadhani ni kama tai na tai. Hapo ndo nasema hapana. Kwa tai na tai namba ni haki. Kwa kanga na kanga ile namba inaficha undugu.

Ushahidi wangu uko wapi?

Anza na umri. Ndege ndiye mkubwa. Jina lake halikuanza pwani, ni jina la Kibantu lililosambaa mbali sana, Wachewa wanamwita nkhanga, Wabemba ikanga, Washona hanga. Sikilizeni hayo majina, si mnasikia ni mtu yuleyule amebadilisha shati tu? Na ukivuka bahari mpaka Madagaska, Wamalagasi wanamwita akanga, yaani jina la ndege lilipanda chombo likavuka. Lakini Madagaska hiyohiyo wana nguo yao inayofanana kabisa na kanga yetu, mstatili, pindo pembeni, methali imeandikwa chini, na wanaiita lambahoany. Mnanipata? Jina la ndege lilivuka bila nguo. Kule ndege ni akanga na nguo ni kitu kingine kabisa. Kwa hiyo kumwita ndege na nguo kwa jina moja ni jambo lililotokea huku, kwenye pwani yetu, na lilifanywa na watu waliokuwa na sababu.

Watu gani? Wanawake.

Turudi katikati ya karne ya 19, Unguja, Mombasa, mwambao huu. Nguo zilizokuwa zinavaliwa na wengi zilikuwa merikani na kaniki. Merikani ni ile pamba isiyopaushwa iliyokuwa inaletwa na meli za Wamarekani, jina lenyewe linakwambia imetoka wapi. Kaniki ni ileile ya bei rahisi ikatiwa rangi ya nili mpaka ikawa nyeusi. Hizo ndo zilikuwa nguo za kazi ngumu na ndo zilikuwa nguo za watumwa. Halafu kulikuwa na leso, vitambaa vya mraba vya rangirangi, na neno leso lenyewe tulilichukua kwa Wareno, kwao lenço ni kitambaa cha mkononi. Bara Tanzania mpaka leo leso ni ile ya kufutia jasho, lakini nenda Mombasa useme leso, utaletewa nguo ya kujifunga kiunoni. Kwa nini? Kwa sababu ya walichofanya hao wanawake.

Inasimuliwa kwamba leso zilikuwa zinauzwa hazijakatwa, zimefuatana kwenye jora. Mwanamke akawa hanunui moja, ananunua sita kwa mkupuo, anazikata tatu na tatu, anaziunganisha kwa sindano, tatu juu tatu chini, anapata nguo moja pana. Ikaitwa leso ya kushona. Hebu fikirini kidogo, vile vilikuwa vitambaa vya kufutia uso, hakuna mfanyabiashara aliyemwambia avae, hakuna aliyemchorea, alitazama tu akaona kitu ambacho muuzaji mwenyewe hakukiona.

Wafanyabiashara wakashtuka. Wakaanza kuagiza nguo iliyochapwa nzimanzima kwa ukubwa ule, isiyohitaji kushonwa. Na miongoni mwa zile za mwanzo kulikuwa na zenye ardhi nyeusi na madoa meupe. Mtu akaitazama akasema, hii si kanga hii? Na mji mzima ukaelewa.

Hapa naomba tukae kidogo, maana hapa ndo pana utamu. Tazameni majina yote ya nguo niliyoyataja. Merikani ni jina la ilikotoka. Leso ni neno la Wareno. Zile kanga zenyewe zilikuwa hazichapwi hapa, zilichapwa India, Uingereza, Uholanzi, baadaye Japani. Pamba sio yetu, mashine sio yetu, meli sio yetu. Halafu katikati ya vitu vyote hivyo vya wageni mtu wa pwani akaiangalia ile nguo na jina alilolipata halikutoka bandarini, lilitoka vichakani nyuma ya nyumba, kwa ndege aliyemuona tangu utotoni akiparua mavumbi. Kuna methali inasema kanga hazai ugenini. Wazee waliisema kwa ndege, kwamba anaficha mayai yake kwenye majani pale tu alipopazoea. Lakini mimi nikiisikia naifikiria nguo pia. Ilichapwa ugenini, ndiyo, lakini kanga alizaliwa hapa, siku ile mtu alipoitazama akampa jina.

Na jina lilikuja na uzito wake. Zanzibar hadhi ya utumwa kisheria ilifutwa mwaka 1897, na wanawake waliotoka utumwani waliiacha kaniki na merikani wakavaa kanga. Mnaelewa maana yake? Mtu ambaye jana alikuwa anavaa nguo moja nyeusi isiyo na alama yoyote, leo anachagua. Anachagua rangi, anachagua pindo, anaingia mtaani kila mtu anaona. Madoa yale hayakuwa mapambo tu. Ndo maana mtu akiniambia kanga ni nguo ya jikoni huwa siwezi kunyamaza.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Kuna maelezo yanazunguka sana siku hizi, mtu anaandika kwa kujiamini kabisa kwamba nguo iliitwa kanga kwa sababu kanga ndege ni wapiga kelele wanaotembea kwa makundi na wanawake nao ndo hivyohivyo, na tena nguo yenyewe inasema maneno. Watu wanacheka wanasambaza. Mimi nasema hapana, na sababu yangu ni ya tarehe. Maneno kwenye kanga yalikuja baadaye! Kanga za mwanzo hazikuwa na maandishi. Majina, yaani ile misemo ya chini, yalianza mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu halafu kwa hizi za Kilatini, na anayetajwa sana kuwa ndiye aliyeanzisha ni yule mfanyabiashara wa Mombasa Kaderdina Hajee Essak, aliyefungua duka mwaka 1887, aliyejulikana pia kama Abdulla, ambaye nguo zake ziliandikwa mali ya Abdulla. Kwa hiyo nguo ilikuwa inaitwa kanga kabla haijajua kusema. Utasemaje iliitwa hivyo kwa sababu inasema? Jina lilitoka kwenye macho, halikutoka kwenye masikio. Lilitoka kwenye doa. Na walioanzisha nguo yenyewe ni wanawake waliokuwa na jicho kali, halafu leo tunawalipa kwa kuwaita kelele.

Ni kweli kwamba leo kanga hii inasema na kanga huyu anapiga yowe, na ukitaka kuwalinganisha unaweza. Huyu akimuona nyoka au mwewe au mgeni usiku anaamsha nyumba nzima, watu wanamfuga kwa ajili hiyo. Hii nayo ukimkuta shemeji kajifunga yenye jina hasidi hana sababu, unajua leo kuna mtu anaambiwa. Mfanano upo na ni mzuri. Lakini ulikuja baadaye wenyewe, kama ndugu wawili wanaozeeka wakaanza kufanana sauti. Sio huo uliowapa jina.

Kuna kijana aliniuliza pale mlangoni kabla sijaanza, iandikwe kanga au khanga? Swali zuri. Ile h watu hawakuiokota hewani. Wazee wa Mombasa na Lamu wanapotamka kanga wanaisukuma k kwa pumzi, weka kiganja mbele ya mdomo utaisikia. Ni kama wanavyotofautisha paa la nyumba na paa yule wa porini, wa porini anatoka na pumzi, la nyumba halina. Sasa sikilizeni: ndege anatoka na ile pumzi, na nguo inatoka na ile pumzi. Wote wawili. Kwangu mimi huo ni kama alama ya kuzaliwa inayoonekana kwa ndugu wote. Kwa maandishi ya kawaida kanga inatosha, maana ukiandika kh wengine wataisoma kama ya kheri. Na tafadhalini, kaanga ni ya mafuta na sufuria, ina a mbili, msiilete hapa.

Nimalizie na macho, maana nimesema jina hili lilizaliwa machoni.

Huyu ndege ametazamwa na watu wengi duniani. Wagiriki wa kale walikuwa na hadithi ya shujaa anaitwa Meleagros, alipokufa dada zake walimlilia bila kunyamaza mpaka wakageuzwa ndege, na machozi yao yakabaki kwenye manyoya yakawa yale madoa. Jina la kisayansi la kanga mpaka leo ni Numida meleagris, limebeba msiba huo. Wareno, walewale waliotupa neno leso, walipomuona wakamwita pintada, yaani aliyepakwa rangi, na Wafaransa nao wakasema pintade. Ndege mmoja, madoa yaleyale. Mmoja kaona machozi, mwingine kaona rangi. Na pwani? Pwani mwanamke alienda kinyume, hakuanza kwa ndege akatafuta afanane na nini, alianza kwa nguo ngeni iliyotoka melini na akaona ndani yake ndege anayemjua. Mimi nikipima naona huyo wa kwetu ndiye aliyefanya kazi kubwa zaidi, kwa sababu wengine walimpa ndege hadithi, yeye aliipa nguo nyumba.

Ila jamani tunalipoteza hili. Kanga za siku hizi zina maua, korosho, nanasi, ramani, picha za viongozi, ni nzuri sijakataa, mama zetu zimewapendeza. Zenye madoa ni chache mno. Niliwauliza watoto wa jirani kanga ni nini, wote wakasema nguo, na hakuna aliyesema ndege, wengine hawajawahi kumuona. Basi mtoto huyo ukimwambia kalete kanga hatakosea kamwe. Na mimi hilo linanihuzunisha, kwa sababu hatakosea kwa vile amebakiwa na kanga mmoja tu.

Niliahidi nitawaonyesha kitu. Ule unyoya ninao. Bibi aliuchomeka kwenye Msahafu wake, na alipofariki shangazi akanipa. Huu hapa, na hii hapa chini yake ni ile kanga yake, imefubaa sana, pindo limekatika huku. Ukiupata mkononi usiangalie madoa tu. Uangalie ubavuni. Ni unyoya wa bawa huu, ndani una madoa ya duara yamepangwa safu, lakini ukifika ukingoni madoa yanavutika yanakuwa mistari. Yaani kama kanga ya nguo, una mji wake, ile sehemu ya kati, na una pindo lake pembeni. Bibi hakutuonyesha hilo siku ile, nililiona mwenyewe nikiwa mtu mzima, nikakaa chini.

Uanzie kwa mama pale mbele, upite mkono kwa mkono mpaka nyuma kabisa. Mshike kwa kikonyo, msiuguse manyoya. Na watoto wapeni nafasi waushike wao kwanza.